KUMKUMBUKA ASKARI ALIYEUAWA KWA AJILI YA MCHANGA

(Hotuba ya Katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Wote, Makueni. Yachapishwa hapa kwa faida ya wanachama wa Kitui na wa njia ya Mombasa ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa nafasi hii niseme maneno juu ya askari wa polisi, marehemu Geoffrey Kasyoki, aliyeuawa hapa Makueni mwezi wa Februari mwaka 2011. Aliuawa katika ugomvi wa mchanga. Alisimama mbele ya watu waliokuwa wakichukua mchanga wa mito yetu ovyo, na kwa kusimama hivyo alipoteza maisha yake. Alimwacha mjane. Miaka mingi imepita, na malori ya mchanga bado yanapita. Basi tumeona haifai jina lake litajwe nyumbani kwake peke yake.

Najua wako wanachama wanaouliza moyoni: Chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na polisi? Swali hili ni la haki, na sitalikwepa. Mwezi wa Septemba 1947 wafanya kazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma, polisi wakapiga risasi, na watu watatu wakafa. Jambo hilo limeandikwa katika historia ya vyama vyetu na halitafutika. Hata katika siku zetu, mfanya kazi akigoma, mtu wa kwanza kumwona mbele yake ni askari mwenye rungu na vitoa machozi. Wako askari walao hongo barabarani, kila dereva aliye hapa anajua. Sikuja kusema kwamba polisi hawana makosa.

Lakini sikilizeni vizuri. Kama wako wanaopokea noti na kulifungulia lori njia, basi yule aliyekataa ndiye anayestahili kukumbukwa. Tukiwahukumu wote kwa pamoja, tunawapa faida wale wabaya, maana askari mwema atajiuliza: nitajitia hatarini kwa faida ya nani, ikiwa nikifa hakuna atakayeuliza?

Tena, askari ni mtoto wa nani? Ukambani ndiko walikotoka askari wengi sana tangu zamani. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilipotaka kupunguza ng'ombe wetu kwa nguvu, wazee wetu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kwa miguu wakapiga kambi huko kudai ng'ombe wao. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini mwishowe Serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Sababu moja ilikuwa hofu: askari wengi wa jeshi na wa polisi walikuwa Wakamba, na wakubwa hawakujua wangefanya nini wakisikia ng'ombe wa baba zao wanachukuliwa. Tangu siku hizo imejulikana kwamba askari ana baba, ana mama, ana boma, na jambo la nyumbani humgusa. Geoffrey Kasyoki naye, mchanga aliouzuia haukuwa mali ya Serikali tu. Ulikuwa maji ya watu.

MCHANGA NI NINI KWETU

Mgeni akifika huku wakati wa kiangazi akautazama mto Kaiti, au Thwake, au Muooni, au akivuka kwenda Kitui akaona Thua, Nzeeu au Tyaa, atasema mito hii imekufa. Haoni maji, aona mchanga mtupu. Lakini mama wa hapa hadanganyiki. Atashuka na kibuyu au mtungi, atafukua kwa mikono, na baada ya kitambo maji yataanza kujaa taratibu katika shimo.

Mchanga ni tangi letu. Mvua zetu ni mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na za mwisho ndizo tunazozitegemea zaidi. Mto hufurika kwa siku chache tu, kisha hukauka juu. Lakini kati ya chembe na chembe ya mchanga mna nafasi, na maji hukaa humo. Mchanga ukiwa mzuri, robo ya kipimo chake au hata zaidi yaweza kuwa maji. Jua haliyakaushi upesi, na mbu hawazai ndani yake. Ndiyo sababu watu wa Ukambani, tangu zamani za ukoloni, wamejenga mabwawa ya mchanga: kuta za mawe na saruji zinazokata mto ili mchanga ujazane nyuma yake na kushika maji. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianza kazi hii katika Utooni. Kule Kitui, tangu miaka ya 1990, SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mabwawa kwa mamia. Na kazi yenyewe ilifanywa kwa mwethya, yaani kila nyumba ilitoa mtu, na wengi wao walikuwa akina mama waliobeba mawe kwa mikono yao.

Sasa fikirini lori moja linashuka mtoni usiku. Vijana wanapakia kwa mabeleshi mpaka alfajiri. Usiku wa pili yanakuja matatu, na usiku wa tatu kumi. Baada ya muda mto umefika mwambani. Mvua ikinyesha maji hayana pa kukaa, yanakimbilia baharini siku ile ile. Kingo zinabomoka, shamba la mtu linaanguka mtoni, nguzo za daraja zinabaki wazi kama meno. Na yule mama, badala ya kwenda mwendo wa nusu saa, sasa anakwenda mwendo wa nusu siku. Hili ndilo jambo ambalo askari yule alilisimamia. Mtu akisema alikufa kwa ajili ya mchanga, asidhani ni jambo dogo.

PANZI NA KUNGURU

Wahenga walisema vita vya panzi ni neema ya kunguru. Nataka tuitazame mithali hii kwa makini, maana ndiyo habari yote ya mchanga.

Ni nani wanaokutana mtoni usiku? Upande mmoja yuko askari wa mshahara mdogo, ametoka katika nyumba ya kambi ambayo pengine amegawana na mwenzake kwa pazia. Taarifa ya Jaji Philip Ransley ya mwaka 2009 iliieleza hali hiyo ya nyumba za polisi, na tume ya Jaji David Maraga, iliyotoa taarifa yake mwaka 2023, ilikuta bado kazi ni nyingi. Upande wa pili yuko kijana mpakiaji, mtoto wa kijiji hicho hicho, hana kazi nyingine, analipwa kwa lori moja fedha ambazo wagawanyapo kati yao hazitoshi unga wa siku mbili. Yuko na taniboi, yuko na dereva, naye ameambiwa kwamba asipofika na mzigo alfajiri asirudi tena kazini. Kingoni wamesimama wenye mashamba na akina mama wa maji. Hao wote ni watu wa jasho, na hao ndio wanaopigana.

Na tajiri mwenye lori, yuko wapi? Amelala. Mfanya biashara anayeupokea mchanga pale Nairobi, je? Yeye ataziona risiti tu. Na mwenye jumba la ghorofa kumi? Huyo hata jina la mto wetu hajui. Hakuna hata mmoja wa hao aliyewahi kukatwa panga mtoni. Fedha zinapanda juu, damu inabaki chini.

Hamu ya mchanga inazidi kila mwaka. Nairobi inajengwa juu na pande zote. Kati ya 2014 na 2017 reli mpya ilijengwa, ikapita katika nchi yetu, na vituo vikawekwa Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Reli ni jambo jema, lakini saruji haisimami bila mchanga. Wala si kwetu tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake pale Gigiri, lilieleza mwaka 2022 kwamba dunia hutumia karibu tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Baada ya maji, hakuna kitu ambacho wanadamu hukitumia kwa wingi kuliko hicho. Hata nchi za jangwa huagiza mchanga ng'ambo, maana mchanga wa jangwani umesuguliwa na upepo ukawa mviringo na laini, haushikani na saruji. Mchanga wa mto ndio unaotakiwa.

Basi mahali pengi damu imemwagika kwa sababu hii. Mwezi wa Machi 2012, mwaka mmoja tu baada ya kifo tunachokikumbuka, katika wilaya ya Morena nchini India, afisa kijana wa polisi aitwaye Narendra Kumar alijaribu kulisimamisha trekta lililobeba mawe yaliyochimbwa kinyume cha sheria. Dereva alimkanyaga akafa. Watu wa Makueni na watu wa Morena hawajuani. Lakini wajane wao wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Sheria zimetungwa, hatuwezi kusema hazikutungwa. Mwaka 2007 idara ya Serikali ya mazingira ilitoa maongozi ya kuchota mchanga kwa nchi nzima. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, wakati Profesa Kivutha Kibwana alipokuwa Gavana, na mamlaka maalum ikaundwa kuusimamia. Mwezi wa Januari 2018 Bibi Charity Ngilu, aliyekuwa Gavana wa Kitui, alipiga marufuku mchanga na makaa kutolewa nje ya kaunti. Haya ni mambo mema. Lakini amri ya kaunti ina mpaka, na lori halina mpaka. Ukiufunga mto huu, lori litaenda mto wa pili. Na amri yoyote, iwe ya Nairobi au ya Wote, mwisho wake humwangukia askari mmoja gizani, yeye na tochi yake. Sheria inayokaa mtoni tu, bila kufika kwa mnunuzi, ni sheria inayomtuma maskini akamkamate maskini mwenziwe.

MFANYA KAZI ASIYE NA CHAMA

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama.

Askari ni mfanya kazi. Ana mwajiri, ana mshahara wa mwezi, ana zamu, ana mkubwa anayemwamuru. Lakini hana chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama na kugoma. Kifungu cha 24 chairuhusu sheria kupunguza haki hiyo kwa wanajeshi na polisi. Na Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, ile ile ambayo chama chetu kinaitegemea, yasema mapema kabisa kwamba haiwahusu wanajeshi, polisi, askari wa magereza wala vijana wa huduma ya taifa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwezi wa Agosti 1918 polisi wa London waligoma kwa sababu ya mishahara midogo. Wakagoma tena mwaka 1919, na safari hii waliogoma walifukuzwa. Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka ule ule kuwakataza polisi wasiwe na chama cha wafanya kazi, likawapa jumuiya yao ya kusema shida zao bila kugoma. Waingereza waliotutawala walikuja na fikira hiyo hiyo ya kukataza.

Je, ni lazima iwe hivyo? Mikataba ya Shirika la Kazi la Dunia, wa 87 wa mwaka 1948 na wa 98 wa mwaka 1949, yaiachia kila nchi ikate shauri yenyewe juu ya polisi na jeshi. Nchi yetu iliukubali ule wa 98 tangu mwaka 1964. Basi dunia haikatazi. Afrika Kusini polisi wana vyama. Mwaka 1989, utawala wa ubaguzi ukiwa bado na nguvu, afisa mmoja wa polisi wa Mitchells Plain karibu na Cape Town, Gregory Rockman, alisema hadharani kwamba askari wa kuzuia ghasia waliwapiga watu bila sababu. Mwaka ule ule polisi na askari wa magereza walianzisha chama chao, POPCRU, nacho kimo katika shirikisho moja na vyama vya wachimba migodi na walimu. Oneni jambo hili. Chama kile kilizaliwa kwa sababu askari walikataa kutumwa kuwapiga wafanya kazi wenzao. Askari mwenye chama huweza kuuliza: amri hii ni ya haki? Askari asiye na chama hujibu ndiyo tu, akitumwa Uplands kupiga risasi, au akitumwa mtoni bila wenzake wa kutosha.

Maana kutumwa bila maandalizi kumewaua wengi. Tarehe 10 Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi waliopelekwa kurudisha ng'ombe walioibwa walizingirwa, na zaidi ya 40 wakauawa siku moja. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi. Mfanya kazi wa kiwanda akipelekwa kwenye mashine iliyovunjika, mwakilishi wa chama husimama akasema: mtu huyu hataigusa mashine hii mpaka itengenezwe. Nani alisimama akasema hivyo kwa vijana wa Baragoi? Nani alisema hivyo kwa askari wa mchanga? Hakuna, kwa kuwa sheria haikuweka mtu wa kusema.

Sisemi polisi wagome. Tunajua nchi yahitaji ulinzi kila saa. Nasema wawe na mlango wa kusemea: juu ya nyumba, zamu, vifaa, na wangapi waende pamoja penye hatari. Mpaka mlango huo ufunguliwe, sisi wenye vyama tuna sauti ambayo wao hawana, na yatupasa kuwasemea kidogo.

HAKI YA WALIOBAKI

Sasa nataka kila mtu asikie kwa makini, maana hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza haki zao kwa kutojua.

Iko Sheria ya Fidia ya Walioumia Kazini ya mwaka 2007. Kesi yake ilikwenda mahakamani muda mrefu, na mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu Kabisa ilikata kwamba sheria hii ni halali. Inawahusu waajiriwa wa matajiri na waajiriwa wa Serikali pia, isipokuwa wanajeshi. Mambo makubwa ni haya:

Kwanza, mtu akifa kwa ajali ya kazi, waliomtegemea hupata fidia ya mishahara ya miezi 96, yaani miaka minane. Tuseme marehemu alikuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi. Zidisha kwa 96, utapata shilingi 2,880,000.

Pili, gharama za mazishi zilizo za kiasi ni juu ya mwajiri.

Tatu, mwajiri hana budi kumpa habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika saa 24 mtu anapokufa.

Nne, na hili msilisahau, madai yaletwe katika miezi 12 tangu siku ya kifo. Desturi yetu ni kumaliza matanga kwanza, kisha kungoja watu wa ofisi watuite. Wakati mwingine hawaiti, na mwaka huisha.

Mjane asikae kungoja. Aweke mahali pamoja cheti cha kifo, karatasi ya mwisho ya mshahara, cheti cha ndoa au barua ya chifu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kila karatasi anayoipeleka ofisini abaki na nakala yake iliyopigwa muhuri wa siku ilipopokelewa. Karani akisema faili limepotea, muhuri ule ndio utakaojibu.

Na sasa mgeukieni yule kijana mpakiaji. Kingo za mchanga humwangukia mtu akazikwa mzima. Mambo haya hutokea katika mito yetu. Tuseme naye hupata shilingi 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni 13,000, na kwa miezi 96 ni shilingi 1,248,000. Nani aliwahi kuona mama wa mpakiaji akipewa fedha hizo? Mwenye lori husema hamjui, maana hakumwandika popote. Watu wa kijiji wanachanga sanduku, wanazika, basi imekwisha. Askari yule na kijana huyu walisimama pande mbili mtoni, lakini nyumba zao zinalia kilio kimoja, na tajiri hakuhudhuria mazishi ya upande wowote.

TUFANYE NINI

Kamati ya tawi imenituma niyalete mbele yenu mambo matano, myajadili na kuyapigia kura leo.

La kwanza. Kila mwaka, katika mkutano wa mwezi wa Februari, jina la Geoffrey Kasyoki litajwe, pamoja na jina la mfanya kazi yeyote wa Makueni au Kitui aliyekufa kazini mwaka uliopita, awe askari, mwalimu, dereva, mjenzi au mpakiaji. Lisitajwe jina la mtu bila idhini ya nyumba yake.

La pili. Tawi litoe watu wawili, mmoja Wote na mmoja Kitui, wajifunze vizuri sheria ile ya fidia, wawasaidie wajane na wazazi kuandika karatasi. Wasaidie bila malipo, na wasiulize kwanza kama marehemu alikuwa mwanachama. Mjane wa polisi akija, asirudishwe.

La tatu. Wanachama madereva na wajenzi tukubaliane jambo moja. Mchanga wa usiku tusiubebe, na fundi akiona mchanga umeletwa bila karatasi ya mamlaka aulize umetoka wapi. Najua ni neno gumu kwa mtu mwenye watoto. Mmoja akikataa peke yake atafukuzwa. Hamsini wakikataa pamoja, mwenye lori atakwenda kutafuta karatasi. Hii ndiyo maana ya chama.

La nne. Tupeleke barua kwa kaunti zote mbili na kwa Serikali ya nchi, tuombe sheria ya mchanga imfuate mnunuzi na mwenye jengo, isiishie kwa dereva na mpakiaji. Na vijana wanaopakia kwa ruhusa waandikwe, wawe katika ushirika wao, walipwe kwa kipimo kinachojulikana, ili kama kingo zikiwaangukia pawe na mtu wa kuulizwa.

La tano. Kwa njia ya shirikisho letu tuiombe Serikali iwape polisi jumuiya yao ya kusema shida zao. Wakubwa wasiogope. Mtu anayesikilizwa hana haja ya kupiga kelele.

Ndugu zangu, nimesikia watu wakisema kwamba huyu askari angenyamaza angekuwa hai. Ni kweli. Angelitazama lori likipita, angepokea noti yake, na leo tungemsalimu hapa sokoni. Lakini mto uliobaki na mchanga wake umebaki kwa sababu wako watu ambao hawakunyamaza: wazee waliosimama kingoni, akina mama waliofunga njia, na askari wachache. Kila debe la maji linalotoka mtoni wakati wa kiangazi lina deni kwao. Deni la maiti hulipwa kwa walio hai. Tutalilipa kwa mjane na mayatima wa kila anayekufa kazini, kwa mto wenyewe, na kwa kutokubali tena kupiganishwa mtoni maskini kwa maskini.

Naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu, kisha tuketi tuyajadili mambo matano moja baada ya moja.

Umoja ni nguvu.